Buti za Amélie

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote waliowahi kupenda wakalia, natangaza rasmi kwamba sura hii inasimuliwa na shahidi asiye na upande, mwenye akili timamu, aliyelelewa katika shule ya bweni kwa kengele, sala na supu ya karoti. Shahidi huyo ni mimi, Mignonne, mwenye umri wa miaka kumi na sita, ninayerudi nyumbani kwa treni kila Ijumaa. Nakiri pia, kwa kuwa kweli haina budi kusemwa, kwamba Jumamosi ile saa tisa na nusu mchana, moyo wa dada yangu ulipovunjika katika sebule yetu ya Laeken, huku ughaibuni, shahidi alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi akila mandazi ya mgeni kabla mgeni hajaonja, na soksi zake hazikuwa jozi moja.

Tuanze na dada, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Gracieuse ni nesi katika hospitali kubwa kule Jette. Ana sauti ya chini ambayo huwafanya wagonjwa wameze dawa bila kubisha, na ana shingo ambayo shangazi zetu huitaja kila wanapozungumzia posa. Mungu alipomuumba hakufanya ubahili popote, hata miguuni. Anavaa viatu namba arobaini na moja, na akikaa mbele ya watu huirudisha miguu chini ya kiti kama anayeficha watoto wa jirani.

Donat naye ni kiné, kama wasemavyo hapa, yaani kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kutembea tena. Walikutana juu ya kichwa cha mzee mmoja Mflemi aliyevunjika nyonga. Gracieuse alimshika mkono wa kushoto, Donat wa kulia, wakamtembeza kwenye korido. Ilitakiwa waende mara moja na kurudi. Walikwenda mara tatu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kusimama. Mwishowe mzee akasema kwamba kama wanataka kutazamana, basi wamketishe kwanza.

Tangu siku hiyo dada yangu alianza kuimba akipiga pasi.

Sasa, Donat ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni uvuvi. Si uvuvi wa nyavu wala wa chambo cha minyoo. Alifundishwa na padri mmoja mstaafu, Padri Jozef, aliyekaa kwetu Kivu miaka mingi na sasa anazeeka karibu na vijito vya Ardennes. Unachukua ndoano ndogo kama kucha ya mtoto, unaizungushia manyoya na uzi mpaka ifanane na nzi. Unaifunga kwenye mshipi, unaupeperusha mshipi hewani kama mtu anayeandika jina lake mbinguni, na nzi anatua juu ya maji bila kishindo. Samaki anadanganyika. Unamvuta, unamtazama, unamshukuru, kisha unamrudisha majini aendelee na maisha yake. Donat husimulia hayo yote kwa sauti ya mtu anayesimulia komunyo ya kwanza.

Vijito vya Ardennes alivijua jiwe kwa jiwe. Alichokuwa hajakiona ni mito ya magharibi, kule Ayalandi, ambako alisikia maji yana rangi ya chai ya rangi na upepo hutoka baharini bila kubisha hodi. Mwezi wa Februari alimwambia Gracieuse kwamba hataki kuiona peke yake. Dada aliniambia hayo kwa kunong'ona, amekaa ukingoni mwa kitanda changu, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Kule kwenye mto njo atanipa pete," alisema. "Hajasema, lakini minajua."

Basi ikaanza mipango. Ramani ya Ayalandi ilitandazwa kwenye meza yetu ya chakula mpaka Papa akala siku tatu juu ya Galway. Donat aliandika orodha: nzi wa rangi nyeusi kwa siku za mawingu, nzi wa rangi ya mchanga kwa siku za jua, soksi za sufu, suruali za mpira zinazofika kifuani, kofia mbili. Kila Jumatano baada ya kazi alimpeleka Gracieuse kwenye bustani ya Laeken kumfundisha kutupa mshipi kwenye majani makavu, na mahali pa ndoano alifunga kipande cha uzi mwekundu ili asimtoboe mtu sikio. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walisimama kuangalia. Nilikwenda mara moja, wakati wa likizo. Nilimwona Donat amesimama nyuma ya dada, ameushika mkono wake juu ya kiwiko, na wote wawili wakiangalia kipande cha uzi kama vile kilikuwa nyota. Sikwenda tena.

Kulikuwa na tatizo moja. Mtu aliyeitwa Fergal, ambaye angewaongoza mtoni na kuwaazima vifaa, alijua Kiingereza tu, na Donat hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Katika familia zetu tatizo la namna hiyo lina dawa moja inayojulikana: mtoto anayesoma shule ya gharama. Donat alinipa neno la siri la barua pepe yake, akaniambia mimi ndiye waziri wake wa mambo ya nje.

Niliandika kama tulivyofundishwa shuleni. "Nina heshima kuuomba wema wako mkuu unijulishe kama samaki wako huwa macho mwezi wa Mei." Bwana Fergal alijibu: "Wengine." Niliuliza kuhusu upepo, kina cha maji, na nyumba ya mama mjane inayokodisha vyumba karibu na mto. Nilijaza pia fomu ya vifaa, majina, urefu na namba za buti. Gracieuse alinitajia yake sikioni.

Mtu wa mwisho wa kumjua kabla hatujafika Jumamosi ni Amélie. Anafanya kazi na Donat, ni mdogo wa umbo kama kikombe cha kahawa, na kahawa ndiyo humletea Donat kila asubuhi. Aliwahi kumpigia simu Jumapili moja tukiwa mezani. Ilikuwa habari ya zamu tu. Gracieuse alitabasamu kwa meno bila macho, akaendelea kugawa wali.

Haya. Jumamosi. Mama alikuwa Liège na kwaya ya parokia, kwa hiyo kesi ilikuwa mikononi mwa Papa peke yake. Donat alikuja amevaa suti ya kijivu, maua mkono mmoja, bomba la fimbo yake ya kuvulia mkono wa pili. Kumchukua binti wa watu safari kabla ya familia kukaa na familia si jambo dogo, na alikuja kuomba ruhusa kama mtu mzima. Papa, ambaye jina lake ni Jean-Baptiste na hupenda litamkwe lote, alimwacha aongee mpaka mwisho. Halafu akavua miwani.

"Donc, weye unapanda ndege, unaingia mu maji ya baridi mpaka kifuani, unakamata samaki."

"Ndiyo, papa."

"Kiisha?"

"Kiisha ninamuachilia, papa."

Papa alinigeukia kana kwamba nami nilipaswa kumfasiria hiyo.

"Tangu utoto miye nimekomelea pembeni ya Lac Kivu," alisema. "Bavuvi ba kwetu banaimba juu ya sambaza, ile samaki kidogo ya mu ziwa, banabishana juu ya sambaza, banaoa na sambaza. Sijaona hata mumoja anarudisha sambaza mu maji na kumuambia pardon."

"Njo gisi, njo vile Padri Jozef alitufundisha, papa. Samaki anabakia muzima. Kesho muntu mwingine anamukuta."

"Kesho mwingine anamukuta." Papa aliyatafuna maneno hayo polepole. "Bon. Na mutoto wangu? Utamukamata, utamupiga photo, utamuachilia, kesho mwingine anamukuta?"

Gracieuse alirudisha miguu chini ya kiti. Nilidhani Donat atacheka, au atajitetea kwa maneno ya kanisani. Hakufanya hivyo. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Samaki ninamuachilia sababu hakunichagua, papa. Nilimudanganya na nzi ya manyoya. Gracieuse sijamudanganya. Aliniona na macho yake, akakuja."

Dada yangu alimtazama, na mtazamo ule siwezi kuuandika vizuri. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyefika nyumbani na kukuta taa imeshawashwa. Hata Papa aliangalia pembeni, akasukuma sahani ya mandazi kuelekea kwa mgeni, na kwetu hiyo ni nusu ya baraka.

Nusu ya pili ilikuwa na masharti. Vyumba viwili, si kimoja. Na samaki mmoja, angalau mmoja, aletwe Laeken akaangwe, ili Papa ajue kwamba mkwe wake ana akili. Donat aliona uchungu kwa ajili ya huyo samaki, lakini akakubali. Kuhusu vyumba, alisema, ushahidi upo, kwani asubuhi ile Bwana Fergal alikuwa ametuma barua ya mwisho ya kuthibitisha kila kitu. Yeye mwenyewe hakuwa ameielewa, lakini alikuwa ameileta.

Akanipa tableti. "Mignonne atatusomea."

Niliweka andazi chini. Niliitazama barua. Nilisoma kwa sauti kubwa habari za vyumba viwili kwa mama mjane, cha juu na cha chini, na ngazi inayolia mtu akiikanyaga. Papa aliipenda sana hiyo ngazi. Nikasoma habari za mvua. Nikasema mengine ni salamu tu, nikataka kuifunga.

Lakini Gracieuse alikuwa ameshainuka. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alitaka tu kuona jina lake limeandikwa kando ya jina la Donat, na mtu mwingine, katika nchi nyingine, akiwa ameyaandika pamoja kana kwamba ni jambo la kawaida. Aliichukua tableti mikononi mwangu akitabasamu. Kiingereza chake ni cha hospitali, lakini majina na namba havihitaji shule ya bweni.

Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu kuliko lilivyopaswa, kama mtu aliyesahau kuzima redio.

"Amélie," alisema.

Donat aliinua kichwa. "Amélie nani?"

"Buti ya Monsieur Donat, quarante-trois. Buti ya Madame Amélie, trente-sept." Alizisoma namba hizo, arobaini na tatu kwa thelathini na saba, kwa sauti ileile anayosomea joto la mgonjwa. "Miye navaa quarante et un, Donat. Unajua. Ulinifungaka kamba za viatu mu parc."

"Sielewe."

"Chambre ya juu ya Monsieur Donat. Chambre ya chini ya Madame Amélie."

"Gracieuse, miye sijaandika ile kitu."

"Iko adresse yako. Iko jina yako. Nani basi?"

Nataka msomaji aelewe jambo moja hapa. Donat alijua vizuri nani huandika Kiingereza chake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na sukari ya mandazi mdomoni. Hakunitazama. Haikumpitia kabisa akilini kunitazama.

Papa alitaka kusimama, Gracieuse akamzuia kwa kiganja. Hakupaza sauti hata mara moja, na laiti angepaza. Alimwambia Donat kwamba saa hii tu, mbele ya baba yake, amesema hakumdanganya, na yeye akamwamini mpaka vidoleni. Alimwuliza kama Amélie naye amefundishwa kwa uzi mwekundu, au yeye anajua tayari. Alimwuliza kama safari ilikuwa yake tangu mwanzo kisha ikabadilishwa, au hakuwahi kuwamo, na ile ruhusa ya leo ilikuwa ya kumchezea Papa. Donat alijibu kila swali kwa neno moja, hapana, na kila hapana ilikuwa na sauti ndogo kuliko iliyotangulia.

"Kama ulitaka mwanamuke wa miguu kidogo ungesema," dada akamalizia. "Siwezi kuikata."

Alikwenda chumbani, akarudi na kikopo cha bati cha pipi za mnanaa. Ndani yake zilikuwamo nzi sita ambazo Donat alizifunga mwenyewe akampa, na moja aliifunga kwa uzi aliochomoa kwenye sare yake mwenyewe ya zamani ya kazi, ili mtoni dada awe na kitu kilichowahi kumgusa Donat. Dada alikiweka mezani, juu ya pwani ya magharibi ya ile ramani.

"Na miye uniachilie sasa," alisema. "Njo gisi ulifundishwa."

Donat alikiangalia kile kikopo. Niliwahi kuona wagonjwa wake wakianguka na kuinuka, lakini sikuwa nimewahi kumwona yeye akishikilia meza.

"Unaamini barua," alisema. "Miye hauniamini."

Machozi ya Gracieuse yalikuwa yanashuka bila yeye kuyashughulikia.

Hapo Donat akatoa simu. Alisema hataondoka nyumba hii akiwa mwongo. Atampigia mwenye mto mwenyewe, sasa hivi, mbele ya kila mtu, na huyo mzungu aseme nani aliandika jina hilo na lini. Aliweka simu katikati ya meza, sauti wazi, ikaanza kulia.

"Mignonne, utafasiri," akasema.

Mungu ana ucheshi wake.

Bwana Fergal aliitika. Nyuma yake mbwa alikuwa anabweka. Nilimsalimu kwa niaba ya ukoo wote, nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, jina la Madame Amélie lilifikaje kwenye orodha. Yule bwana akafurahi kuulizwa. Akaeleza. Akaeleza kwa kirefu na kwa upole, kama wanavyoeleza watu wanaokaa na samaki. Nilisikia kila neno. Aliponyamaza, macho sita yalikuwa kinywani mwangu.

"Amesema ndiyo, iko hivyo," nikafasiri.

Donat alifumba macho.

Lakini dada yangu ni nesi. Kazi yake ni kusikiliza watu wanaosema hawaumwi. Alijifuta uso kwa kiganja, akanigeukia polepole.

"Muzungu amesema dakika muzima," alisema. "Na weye unatuletea maneno ine?"

"Alikuwa anaongea na mbwa."

"Mwambie arudilie. Polepole."

Nilimwambia arudie. Akarudia, polepole, na sasa Gracieuse aliinama juu ya simu, na Kiingereza chake cha hospitali kilitosha kunasa siku, Jumatano. Akaishika ile siku kama mtu aliyeshika mkono wa mwizi.

"Mercredi," alisema. "Amesema mercredi, après-midi. Mercredi gani?"

"Ya hii wiki," nikasema.

"Mercredi Donat alikuwa na miye mu parc. Simu yake ilikuwa mu sac yangu." Alinyooka. "Mignonne. Fasiri yote."

Basi nikafasiri yote. Nilitazama ramani, nikasema kwamba Bwana Fergal anasema orodha ya kwanza ilikuwa na jina la Madame Gracieuse, buti namba arobaini na moja. Kwamba Jumatano mchana ilifika barua ya pili, kutoka anwani ileile, ikiomba jina hilo lifutwe na la Madame Amélie liandikwe. Kwamba anaikumbuka kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuandikiwa kwa heshima kubwa namna hiyo, na mwandishi alijiita mtumishi wake mnyenyekevu na mtiifu. Kwamba anatumaini hakuna aliyeudhika.

Donat alimshukuru kwa Kifaransa na kukata simu.

Hakuna aliyenipiga. Papa alibaki kitini. Gracieuse alimtazama Donat. Aliinamisha macho kama mtu aliyemkanyaga mgonjwa. Donat alikisukuma kile kikopo cha bati kikafika katikati ya meza, akakiachia hapo. Yeye hakukichukua, na dada hakukichukua.

Kisha Donat akanitazama, kwa mara ya kwanza, na akafanya jambo baya kuliko kofi. Alinitafutia mlango.

"Ni mutoto," aliwaambia. "Alikuwa anacheza tu. Hein, Mignonne? Sema ulikuwa unacheza."

Papa alikamata mlango huohuo. Alikumbusha kwamba ni mimi niliyetia chumvi kwenye sukari siku ya paroko, na niliyerudisha saa ya ukutani nyuma ili misa itupite. Mtoto wa mizaha, alisema, tangu zamani. Gracieuse naye alikuwa anangoja, midomo imetengana kidogo. Wote watatu walitaka iwe mzaha. Ningesema neno moja tu, ningefungiwa wiki moja bila simu, na jioni ile tungekula.

"Hapana," nikasema. "Sikuwa nacheza."

Sauti yangu ilitoka ndogo na ya kawaida, haina heshima wala taadhima.

"Nilifikiri siku mbili. Nilitia Amélie sababu nilijua yaya anamuogopa. Nilitia trente-sept sababu nilijua anaonea miguu yake haya. Nilitaka asome peke yake, asiulize muntu. Nilitaka kabisa muachane."

"Nimekufanya nini?" Gracieuse aliuliza.

"Vendredi tano nimeshuka mu train na sac ya nguo, hakuna muntu ananingojea. Mbele ulikuwaka unakuja. Sasa unamaliza zamu, unaenda kwa Donat. Kiisha utaenda kule mu mto, atakupa pete, na miye nitakuwa naingia mu chumba yetu, kitanda yako iko wazi."

Hakunikaribia. Alikuwa amejikumbatia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu aliniangalia kama mtu anayetafuta kumbukumbu ya mahali alipoiona sura hii.

"Na ungeniacha nilie mpaka lini?" aliuliza.

Nilitafuta uongo. Huwa nina mwingi.

"Mpaka ubakie, yaya."